Hema na mapambo ya harusi ufuoni Nyali: uzoefu wangu na kifurushi cha wageni 200

Kifurushi nilichokodi kilijumuisha hema, meza, viti, jukwaa la maharusi, maua na taa, vyote kwa wageni 200, kwenye uwanja wa hoteli unaoshuka hadi mchangani upande wa Nyali. Kazi ya mikono ya wapambaji naisifu: mishono ilinyooka, satini ilipigwa pasi, na waya za taa hazikuonekana. Kasoro karibu zote zilikuwa na chanzo kimoja. Kifurushi kilipangwa kwa ukumbi wa ndani, kisha kikaletwa ufuoni jinsi kilivyo. Anayetafuta huduma hii Mombasa aulize kwanza habari ya maji, upepo na jua, ndipo aje kwenye rangi za vitambaa.

Nianze na maji. Tarehe ilitolewa kwa kuangalia ni lini hema na lori viko huru, na hakuna aliyetaja bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Pwani yetu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa sana kati ya saa kumi na saa kumi na moja na nusu jioni, yaani saa ileile ambayo watu hupanga maharusi waingie. Tofauti ya maji kujaa na kupwa siku hizo hukaribia mita 4, na sehemu nyingi za Nyali na Bamburi mchanga hutoweka kabisa hadi ukuta wa hoteli. Siku za maji mafu, kama wiki moja baadaye, bahari haisogei sana na ufuo hubaki mpana jioni nzima. Mamlaka ya Bandari za Kenya huchapisha kila mwaka jedwali la saa za maji kujaa na kupwa katika bandari ya Kilindini, Mombasa. Lifungue kabla hujalipa arubuni. Na ukiambiwa ufuo ule ni wa hoteli peke yake, usikubali: Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inaihesabu ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ya umma. Wapita njia, wauza madafu na wenye ngamia wana haki ya kupita mbele ya jukwaa lako, kwa hiyo panga viti juu ya mstari wa maji kujaa.

Jambo la pili ni jukwaa linaelekea wapi. Mchoro walionionyesha uliweka bahari nyuma ya maharusi, na kwenye karatasi unapendeza kweli. Lakini Nyali inatazama mashariki. Maharusi wakiipa bahari mgongo, wanaangalia magharibi, na jua la saa kumi linawapiga machoni. Upepo nao, uwe kaskazi au kusi, hutoka baharini, kwa hiyo hulipiga pazia la jukwaa kutoka nyuma na kulisukuma juu ya vichwa vyao. Niliomba jukwaa ligeuzwe litazame kaskazini, bahari ikae ubavuni, na mengi yakatulia. Hata hivyo usitarajie picha za jua likizama baharini. Hapa jua huzama nyuma ya minazi na majengo, na ufuo huingia kivuli mapema. Mpiga picha amalize picha za mchangani kabla ya saa kumi na moja na nusu.

Pazia lenyewe lilikuwa na upana wa mita 4 na urefu wa mita 3. Hizo ni mita 12 za mraba za kitambaa kinachopokea upepo kama tanga la jahazi. Fremu ya mabomba waliyoileta ilisimama kwa vyuma bapa vya miguuni tu, ambavyo ukumbini vinatosha. Tulichofanya ni kuongeza mabomba ya mshazari nyuma, kila mguu ukafungiwa mitungi miwili ya maji ya lita 20 (kila mmoja una uzito wa kilo 20), na kitambaa kimoja kikagawanywa kuwa vipande vyembamba vya shifoni vinavyoacha hewa ipenye. Sehemu ya chini, kama nusu mita, iliachwa wazi na kufichwa kwa majani. Usiruhusu pazia lifungwe kwenye nguzo za hema, maana likivutwa linavuta na hema.

Vigingi vifupi vya chuma vinavyoshika vizuri kwenye udongo wa Tudor au Kisauni havishiki mchanga mkavu. Ukivuta kamba kwa mkono mmoja, kigingi kinatoka. Njia inayofaa ni kuchimba shimo la karibu nusu mita, kulaza ndani yake ubao au gunia la mchanga lililofungwa kamba katikati, kisha kufukia na kushindilia kwa maji. Mafundi wao waliijua njia hii na waliifanya vizuri, ila haikuwa kwenye bei ya awali, ikaja kama gharama ya ziada. Ulizia mapema.

Kuhusu ukubwa wa hema, hapa ndipo wengi wanapoumia. Hema linaloitwa la watu 100 huhesabiwa kwa viti vilivyopangwa safu, ambapo kila mtu anapata chini ya mita moja ya mraba. Ukiweka meza duara, hesabu inabadilika. Meza ya futi 6 hukaliwa na watu 10, na pamoja na viti na njia ya mhudumu inataka kama mita 12 za mraba. Wageni 200 ni meza 20, yaani mita 240 za mraba, kabla hujaweka jukwaa na meza za chakula, ambazo zinaomba nyingine 60 hadi 80. Mahema mawili ya watu 100 hayakaribii hapo. Mwambie mwenye hema akupe urefu na upana kwa mita, uzidishe mwenyewe.

Vitambaa vya meza vilikuwa vya kipenyo cha sentimita 300. Hivyo ni vya meza ya futi 5. Kwenye meza ya futi 6 yenye kimo cha sentimita 75 unahitaji karibu sentimita 333, la sivyo kitambaa kinaishia sentimita 16 juu ya ardhi na miguu ya chuma inabaki nje. Kwenye picha hilo huonekana kuliko maua yote.

Viti vya Chiavari, vile vyepesi vya harusi vyenye fito mgongoni, vina miguu myembamba, na mchangani huzama, hasa wa nyuma, mgeni akiegemea. Kutandika plaiwudi uwanja mzima hakuna maana, kwani bao la futi 8 kwa 4 linafunika kama mita 3 za mraba tu. Weka mbao kwenye jukwaa, meza kuu na mahali pa kuchezea, na wageni wengine wakae penye nyasi. Hoteli yenye nyasi ngumu karibu na mchanga ni afadhali kuliko yenye mchanga mtupu.

Maua ya waridi yalitoka bara na yalifika mazuri, ila yakapangwa asubuhi kwa sherehe ya jioni. Kwa joto la Februari na Machi, linalopita nyuzi 30, waridi ambalo halikunywa maji usiku kucha huinamisha kichwa kabla ya alasiri. Vikonyo vikatwe mshazari, vikae kwenye ndoo kivulini hadi asubuhi, na meza zipambwe mwisho kabisa. Anthuriamu na okidi huvumilia zaidi. Asumini na vikuba (vishada vidogo vya maua na majani ya kunukia) agiza kwa kina mama wa Mji wa Kale vifike jioni ileile. Wapambaji wa vifurushi wanaleta vya plastiki, na harufu ya kikuba haina mbadala.

Upande wa kina mama ulizungushiwa kuta za hema, kama inavyotakiwa wakati wa kupamba, ile sherehe ya wanawake ya kumtoa bibi harusi aonekane. Kuta hizo hufungia joto. Feni za ukungu wa maji walizozisifu hazisaidii sana hapa, kwa sababu hewa ya pwani tayari imejaa unyevu na maji hayakauki haraka. Kinacholowa ni vipodozi vya bibi harusi. Feni kubwa za kawaida, na ukuta wa upande wa bahari kupandishwa kiasi cha kupitisha upepo huku pazia la ndani likiziba macho, ndiyo iliyofaa.

Umeme uwe na laini mbili, moja ya spika na taa, nyingine ya birika na vyombo vya kupasha chakula. Birika moja kubwa hula hadi kilowati 3, na vikichanganywa muziki hukatika. Kibali cha sauti kutoka kaunti kiombwe mapema na jina la atakayekishika liandikwe. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi ufuoni, kwa hiyo vikombe, mirija na chupa za maji mwambie mpishi azibadilishe kwa gilasi na jagi.

Amana ya uharibifu ilinirudia pungufu kwa vitambaa vilivyosemekana vina madoa ya pilau. Walihesabu vyombo asubuhi ya pili, mimi sipo. Mkataba useme hesabu inafanywa palepale kabla lori halijaondoka, kila kitambaa kikunjuliwe mbele ya mtu wenu, na pande zote mbili zitie sahihi kwenye orodha ileile iliyotumika kupokea.