Vitabu vya bioinfomatiki: cha kuanzia kinategemea umetokea wapi

Aliyesomea biolojia anayetaka kuingia bioinfomatiki, yaani kuchambua data za kibiolojia kwa kompyuta, asianze na Biological Sequence Analysis cha Durbin na wenzake (1998). Ni kitabu kizuri mno, lakini kufikia sura ya 3 tayari unatembea na minyororo ya Markov (modeli za uwezekano ambamo kila hatua hutegemea iliyotangulia), na msingi wa nadharia ya uwezekano umewekwa sura ya 11, mwishoni kabisa. Anza na hiyo ya 11, kisha rudi nyuma. Mwanatakwimu atajisikia nyumbani tangu mwanzo.

Kwa mtu wa sayansi ya kompyuta, Bioinformatics Algorithms cha Compeau na Pevzner hakina mpinzani. Kila sura huanza na swali la kibiolojia, kwa mfano unakili wa DNA unaanzia wapi kwenye jenomu (DNA yote ya kiumbe), halafu algoridhimu inajengwa hatua kwa hatua. Usisome bila kuandika programu, hutaambulia kitu.

Mwanabiolojia mwenye data mkononi achukue Bioinformatics Data Skills cha Vince Buffalo (2015). Kinafundisha Unix (mfumo wa kuendesha kompyuta kwa amri), Git (zana ya kutunza matoleo ya faili) na R (lugha ya programu ya takwimu), na kinaeleza kosa linaloharibu kazi nyingi kimyakimya: BED na GFF ni miundo miwili ya faili za kuonyesha mahali jeni zilipo kwenye jenomu; faili la BED huhesabu kuanzia 0 na haliingizi namba ya mwisho, ilhali GFF huanzia 1 na huiingiza. Besi (herufi za DNA) 100 za kwanza ni 0 hadi 100 kwenye BED, 1 hadi 100 kwenye GFF. Ukichanganya, mwanzo wa kila jeni unasogea kwa besi moja, na kompyuta haitakuonya. Nadharia ndiyo iliyopungua humo, kwa hiyo kisiwe kitabu chako pekee.