Breki za diski za kushukia milima: uliza kuhusu joto kabla hujauliza nguvu

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo hapa mezani nna seti nne za breki za diski za haidroliki, zote za pistoni nne (vile vidude vinavyosukumwa na mafuta kubana pedi kwenye diski), zote zimetengenezwa kwa ajili ya watu wa kushuka milima kwa kasi, na zote nimezipitisha kwenye baiskeli hii hii moja ili nisiwadanganye. Swali ambalo watu wananiuliza kila siku ni ipi ina nguvu zaidi, na mi kila siku najibu hilo sio swali la kwanza, kwa sababu hizi zote nne zinafunga gurudumu kwa kidole kimoja. Swali la kwanza ni hili: ukifika chini ya mlima, ile leva inashikia palepale ilipokuwa inashikia kule juu, au imeshasogea?

Hebu tupige hesabu kidogo, ni muhimu. Chukua wewe, baiskeli, helmeti na mazagazaga yote mfike kilo 100, halafu mshuke mlima wenye kimo cha mita 500. Hapo una kilojuli kama 490 za kuzimaliza njiani. Hizo zinatosha kuchemsha karibu lita moja na nusu ya maji! Sawa, sehemu inaliwa na upepo, na matairi, na shoku, lakini kipande kikubwa kinabaki kinaingia kwenye vidiski viwili vyembamba kama kadi, kutoka kwenye diski kinaenda kwenye pedi, kutoka kwenye pedi kwenye pistoni, na nyuma ya pistoni kuna nini? Mafuta. Mafuta yakichemka yanatoa mapovu ya mvuke, na mvuke unabonyea, mafuta hayabonyei. Basi hapo unavuta leva unabana mvuke, breki hakuna.

Mi hii kitu imenikuta. Mteremko mrefu, nilikuwa naburuza breki ya mbele muda wote kwa woga, kona moja nikaona leva imekuja nusu, nikasema labda mkono umechoka, kona iliyofuata leva ikagusa gripu kabisa na baiskeli inaenda tu. Nilitoka nje ya njia nikaumia bega. Nilipofungua ile breki nyumbani mafuta yalikuwa yametoka rangi kabisa, yalikaa mle zaidi ya miaka miwili bila kubadilishwa. Tangu siku hiyo mafuta ndo kitu cha kwanza naangalia nikinunua breki.

Kuna aina mbili. Kuna DOT, kama ya magari, na kuna mafuta ya madini, watu wengi wanaita minero. DOT 4 ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230, DOT 5.1 nyuzi 260, ila DOT inavuta unyevu kutoka hewani taratibu hata kama hujafungua kitu, na ikishanyonya maji kiwango kinashuka mpaka 155 kwa DOT 4 na 180 kwa 5.1. Ndo maana wanaotumia DOT lazima wabadilishe angalau mara moja kwa mwaka, na kama unashuka kila wikiendi usisubiri huo mwaka. Minero yenyewe hainyonyi maji, watu wanasikia hivyo wanafurahi wanaisahau, kumbe maji yakiingia kupitia sili iliyochoka hayachanganyiki, yanazama mpaka sehemu ya chini kabisa ambayo ni kalipa, ile sehemu inayobeba pistoni na pedi, yaani pale pale kwenye joto, na maji yanachemka nyuzi 100 tu. Kwa hiyo zote zinataka kubadilishwa.

Na naomba hili mlishike: usichanganye. Ukiweka DOT kwenye breki ya minero, au minero kwenye breki ya DOT, sili zinavimba zinaharibika, na breki nzima ndo imekwenda. Soma kifuniko cha leva, imeandikwa. Na DOT 5 sio ndugu ya 5.1 hata kama majina yanafanana, DOT 5 ni ya silikoni, usiiguse. DOT ikidondokea rangi ya fremu inaila, ngozi pia, vaa glavu.

Haya, seti zenyewe. Shimano Saint, minero, ina kitu wanaita Servo Wave, maana yake leva mwanzoni inasogeza pedi haraka halafu mwishoni inakupa nguvu nyingi, kwa hiyo inashika ghafla. Wengine wanaipenda hivyo, mi kwenye udongo uliolowa inanipa shida kidogo kupima. SRAM Maven ilitoka 2024, na hapo SRAM wameweka minero wakati Code, breki yao nyingine ya milima, miaka yote ni DOT. Pistoni zake ni kubwa, milimita 18 na 19.5, Code ni 15 na 16, na unaisikia kweli. Kama una mwili mkubwa au milima yako ni mirefu hii ni yako, kama una kilo 55 utaiona inakuamrisha. Magura MT7, minero, pedi zinashikwa na sumaku kwenye pistoni, hakuna ile springi ya katikati ya kuhangaika nayo, na kwangu mimi ndo laini kuliko zote kupima nguvu, ila mwili wa leva sio aluminiamu, ni plastiki iliyokazwa na nyuzi, kwa hiyo ukifunga kwenye hendeli tumia spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, usikaze kwa hasira. Hayes Dominion A4 inatumia DOT, leva yake ni nyepesi sana, na ina vibolti vidogo vya kusogeza kalipa kidogo kidogo mpaka diski ikae katikati, jamani hicho kitu kila kampuni ingeiga.

Mi nimebaki na ipi? MT7 ndo iko kwenye baiskeli yangu sasa hivi. Lakini kama pedi na sili za Saint ndo unazipata kirahisi unapoishi, chukua Saint usiwaze mara mbili, breki usiyoweza kuihudumia haina faida hata iwe nzuri vipi.

Diski. Ukitoka diski ya kipenyo cha milimita 180 kwenda 203 unapata nguvu kama asilimia 13 zaidi bila kugusa breki, na chuma kimeongezeka kwa hiyo joto lina mahali pa kukaa. Kabla ya kununua angalia foku na fremu zinaruhusu mpaka ngapi. Unene pia una maana, za kawaida ni milimita 1.8, za milima ziko za 2.0 mpaka 2.3. Unene wa mwisho umeandikwa kwenye diski yenyewe, ikifika hapo toa. Pedi: za resini zinashika mapema na hazina kelele ila zinachoka kwenye joto na zinaisha haraka kwenye matope, za metali zinastahimili ila zinataka zipate moto kwanza na zinapeleka joto zaidi kwenye pistoni. Kwa kushuka milima mi metali, mbele na nyuma.

Sasa tuje kwenye huduma, na hapa nataka mtulie kwa sababu wengi wanakimbilia kutoa upepo, yaani mapovu ya hewa kwenye mafuta ya breki, wakati tatizo ni pistoni. Kama leva imekuwa ndefu au pedi moja inagusa diski upande mmoja, toa gurudumu, toa pedi, bonyeza leva taratibu pistoni zitoke milimita mbili tatu tu, zikizidi zitadondoka na mafuta yote chini. Utaona nyingine inatoka nyingine imegoma. Ile inayotoka izuie, igomayo itoke. Futa pembeni yake na pamba ya masikioni yenye tone la mafuta yale yale ya breki yako, rudisha ndani na kitu cha plastiki, sio bisibisi, rudia mara nne tano mpaka zote zitembee sawa. Inayorudisha pistoni ni sili yenyewe, inajikunja ikivutwa halafu inajinyoosha, na ikikauka au ikijaa vumbi hairudishi kitu. Kisha safisha kila tone kwa spiriti kabla pedi hazijarudi.

Ukimaliza hapo na leva bado ni sponji, ndo utoe upepo. Gurudumu nje, pedi nje, weka kile kipande cha plastiki cha kuzuia pistoni, gongagonga paipu na kalipa kwa mpini wa bisibisi kwa sababu mapovu yananata kwenye kona, na usiharakishe.

Pedi ikishaingia mafuta mi naitupa. Kuna wanaoichoma, kuna wanaopiga msasa, breki inalia kwa wiki halafu inarudi vile vile. Na spreyi ya mnyororo usipulize karibu na diski, paka tone tone.

Pedi mpya usiende nayo mlimani moja kwa moja. Tafuta sehemu tambarare, kimbia mwendo wa kati, punguza mpaka kama unatembea bila kusimama kabisa, kama mara 20, halafu kasi zaidi mara 10. Ukisimama kabisa diski ikiwa ya moto pedi inaacha alama pale pale na utasikia mtetemo kila mzunguko. Ukirudi, acha diski ipoe, usiiguse kwa kidole, halafu pitia bolti zake zote na za kalipa kwa torki iliyoandikwa, mi karibu kila mara nakuta moja imelegea.