Msonge wa Kichagga Marangu, nyota nne (moja nimeibania)

Aisee kama uko Moshi na unadhani makumbusho ni ya wazungu tu, panda gari ya Marangu ukaone msonge wa kale. Unaingia umeinama, mle ndani giza, macho yakishazoea ndo unaona familia iliyofyeka kihamba (shamba la migomba la nyumbani) ikaanzisha ukoo ilikuwa inaishije, ng'ombe na mbuzi upande huu, kitanda cha mama na watoto upande ule, katikati mafiga, juu darini kuni na ndizi zinapigwa na moshi huohuo. Ng'ombe wanakatiwa majani wanaletewa mlemle ndani, samadi asubuhi inabebwa kwenye migomba, hakuna cha kutupa. Mi nilijiuliza wanalalaje na harufu ile lol, ila usiku Marangu kuna baridi bwana, joto la mifugo si mchezo.

Kaka anayetembeza watu anajua kazi, ameeleza mfongo vizuri, mfereji unachimbwa toka juu mlimani na maji mnagawana kwa zamu, pia masale (mmea wa majani marefu) yaliyopandwa mpakani ambayo mpaka leo ukitaka kuomba msamaha unabeba jani lake. Kahawa na KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa cha 1933, kapitia fasta fasta tu.

Kilichoniudhi bei haijabandikwa popote, mnapatana mlangoni kama mnanunua mitumba, na mbege (pombe ya ndizi) ya kuonja inalipiwa pembeni. Handaki la kujifichia zama za vita nalo ni jembamba, wenye vitambi mjipange. Vaeni raba, mvua ikinyesha pale ni utelezi mtupu.