Bango la kura za Jimbo la Mashariki linalouzwa Bagamoyo: linunue, ila uwe na kalamu mkononi

Bango hili linachapwa na steshenari moja ya mjini Bagamoyo na wanunuzi wake wakubwa ni walimu wa Historia na Uraia. Ni karatasi ya A1 inayouzwa shilingi 12,000 ikiwa tupu na 20,000 ikiwa na laminesheni. Kushoto kuna ramani, katikati jedwali la chaguzi kuanzia 1958 hadi uchaguzi mdogo wa 2014, na kulia maelezo mafupi. Maandishi ya jedwali yanasomeka vizuri kutoka dawati la tatu. Mwanafunzi wa nyuma zaidi ya hapo haambulii kitu.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba linaanzia mahali panapostahili. Vielelezo vingi vya shuleni huanza na 1995, kana kwamba kabla ya vyama vingi hakuna aliyepiga kura. Hili linaanza Septemba 1958, Bagamoyo ilipokuwa ndani ya Jimbo la Mashariki, na mgombea wa TANU, chama kilichopigania uhuru, wa nafasi ya Mwafrika katika jimbo hilo (viti viligawanywa kwa rangi) alikuwa Julius Nyerere mwenyewe. Alishindana na Patrick Kunambi wa Uluguru, Morogoro, akapata kura zaidi ya 2,600 dhidi ya takribani 800. Watu wengi wa Bagamoyo hawajui kuwa kura za wilaya yao ziliingia kwenye hesabu ile, na kwa hilo tu bango linastahili bei yake.

Hata hivyo safu hiyohiyo ya 1958 ndiyo yenye makosa mazito.

Kosa la kwanza lipo kwenye ramani. Mchoraji amechukua mipaka ya Mkoa wa Pwani wa leo na kuiandika "Jimbo la Mashariki". Neno jimbo ndilo limempoteza. Wakati wa mkoloni, jimbo lilikuwa eneo kubwa la utawala, ambalo baada ya uhuru nafasi yake ilichukuliwa na mikoa. Leo jimbo ni eneo la mbunge. Mwaka 1958 maana zote mbili zilikutana, kwa kuwa Tanganyika nzima iligawanywa katika majimbo 10 tu ya uchaguzi na mengi yalifuata mipaka ya utawala. Jimbo la Mashariki lilichukua Bagamoyo, Kisarawe na Rufiji, likaenda hadi Morogoro, Kilosa na Ulanga. Dar es Salaam ilikuwa jimbo la uchaguzi la peke yake na ilipiga kura katika awamu ya pili, Februari 1959. Kwa hiyo ukilitundika bango bila kurekebisha, mwanafunzi atashangaa mtu wa Uluguru alifuata nini kwenye uchaguzi wa Pwani. Chora kwa maka peni mstari unaofuata mipaka ya nje ya mikoa ya Pwani na Morogoro, kisha uizungushie Dar es Salaam duara lake. Kwa kazi ya darasani inatosha.

Kosa la pili ni la hesabu, na ni gumu kulitambua. Chini ya safu ya 1958 mchapaji amejumlisha kura za wagombea wote na kuandika "idadi ya waliopiga kura". Huwezi kufanya hivyo kwa uchaguzi wa kura tatu. Kila jimbo lilikuwa na viti vitatu, kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mzungu na kimoja cha Mwasia. Kila mpiga kura, wa rangi yoyote ile, alitakiwa kuchagua mtu mmoja kwa kila kiti, la sivyo karatasi yake iliharibika. Ukijumlisha kura za wagombea wote, mtu mmoja unamhesabu hadi mara tatu. Ukitaka idadi ya watu, jumlisha kura za kiti kimoja tu kilichoshindaniwa. Chukua kiti cha Nyerere na Kunambi: 2,600 na 800 ni kama 3,400, na hao ndio waliopiga kura halali. Asilimia nazo ufanye hivyohivyo, kiti kwa kiti. Nyerere alipata zaidi kidogo ya robo tatu, ilhali kwa hesabu ya bango anaonekana kama hakufika hata nusu.

Kura tatu zenyewe bango limezipa sentensi moja, na hapo limepunja. Sharti hilo ndilo lililotaka kuivunja TANU. Wengi walitaka uchaguzi ususiwe, kwa sababu ulimlazimisha Mwafrika amchague pia Mzungu na Mwasia. Mkutano wa Tabora wa Januari 1958 ukaamua chama kishiriki, na Zuberi Mtemvu akajitoa, akaanzisha African National Congress. Bila maelezo haya, jina la Mtemvu linaibuka ghafla kwenye safu ya 1962 akigombea urais dhidi ya Nyerere na kupata takribani kura 21,000 kwa zaidi ya milioni moja, na mwanafunzi hajui alikotokea. Mwalimu aongeze mistari miwili kwa mkono wake.

Udogo wa zile namba nao unahitaji maelezo, maana kila anayeziona hudhani sifuri moja imeanguka. Hazina kosa. Ili uandikishwe 1958 ulitakiwa uwe na miaka 21 na zaidi, uwe mkazi, kisha uwe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambuliwa, kama cha uchifu. Nchi nzima walioandikishwa walikuwa takribani 60,000 katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 8. Mvuvi na mkulima wa minazi wa Bagamoyo walikuwa nje ya orodha.

Safu ya 1960 ina "100%" kwenye nafasi nyingi. Zifute. Katika uchaguzi wa Agosti mwaka huo viti vilikuwa 71, na 58 vilipata wabunge waliopita bila kupingwa. Aliyepita bila kupingwa hakupigiwa kura, hivyo hana asilimia. Andika "bila kupingwa" na namba uiache wazi. TANU ilichukua viti 70, na kile kimoja cha Mbulu kikaenda kwa Herman Sarwatt, mwana-TANU aliyesimama peke yake dhidi ya mgombea rasmi. Safu hii pia ilipaswa kuonyesha kuwa majimbo yale 10 yalikwisha kufutwa. Tangu 1960 hakuna tena matokeo ya Jimbo la Mashariki, na mstari wa rangi unaoliunganisha moja kwa moja na Bagamoyo unadanganya macho.

Miaka ya chama kimoja, 1965 hadi 1990, imefanywa vizuri kuliko sehemu nyingine zote. Alama za jembe na nyumba, walizopewa wagombea, zimechorwa wazi, na imeelezwa kuwa wagombea wawili wa ubunge walitoka chama kilekile, huku rais akipigiwa Ndiyo au Hapana. Hakuna aliyejaribu kugawa kura hizo kwa rangi za vyama, kosa ambalo vielelezo vingi hulifanya.

Kuanzia 1995 kazi ni nyepesi. Kumbuka tu kwamba Jakaya Kikwete alikuwa mbunge wa Bagamoyo 1990 hadi 1995, kisha wa Chalinze hadi 2005. Bango limemweka Bagamoyo miaka yote 15. Uchaguzi mdogo wa Chalinze wa 6 Aprili 2014, uliompa ubunge Ridhiwani Kikwete, umeandikwa sahihi, lakini umewekwa kwenye mstari wa Bagamoyo ilhali Chalinze ni jimbo jingine, na usilinganishwe nao.

Kuhusu karatasi yenyewe: laminesheni haistahimili unyevu wa bahari. Kingo huanza kufumuka, hasa zilipotobolewa matundu ya kamba. Waambie waache nailoni ipite karatasi kwa sentimita moja kila upande, na matundu yatobolewe kwenye hiyo nailoni tupu. Halafu kalamu ya biro haishiki juu ya laminesheni, kwa hiyo nunua lile tupu la 12,000, fanya masahihisho yote, ndipo ulirudishe liwekewe nailoni kwa zile 8,000 zilizobaki. Gharama ni ileile.