Rangi ya kuzuia kutu kwa Land Rover ya zamani: ipi ununue, ipi uiache dukani

Land Rover Series III, zile zilizotengenezwa kati ya 1971 na 1985, hudanganya macho. Bodi ni ya aluminiamu, kwa hiyo hata gari lililokaa Tanga miaka yote hiyo huonekana zima. Chesisi ndiyo ya chuma, na ndiyo inayoliwa na hewa ya chumvi. Kabla hujanunua rangi yoyote, lala chini ya gari ukiwa na nyundo ndogo. Gonga mikono ya pembeni inayobeba bodi, chuma cha nyuma chenye ndoano ya kuvutia, na pale dereva anapoweka miguu, maana napo ni chuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa mlio mzito, uliokufa. Hapo hakuna rangi itakayokusaidia, anahitajika fundi wa kuchomelea.

Chuma kikiwa kizima, mimi huzipanga rangi hizi hivi.

Ya kwanza: praima, yaani rangi ya chini inayotangulia, ya epoksi ya makopo mawili. Kopo moja rangi, la pili hadena, dawa ya kuigandisha. Naiweka juu kwa sababu ikishakauka hushika chuma kilichopigwa msasa kisawasawa na haipitishi maji kirahisi. Pima kwa kikombe chenye alama, kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo, wala usikisie kwa jicho. Piga mikono miwili, yaani tabaka mbili. Changanya kiasi utakachokimaliza, maana joto letu la pwani huiwahisha kuganda. Jua huipausha, hivyo lazima ifunikwe na rangi ya juu. Na ukipitisha muda wa kurudia mkono uliotajwa na mtengenezaji, itabidi uipige msasa tena.

Mara yangu ya kwanza niliipiga jioni, jua limeshatua. Umande ukashuka. Asubuhi nikakuta weupe unaonata chesisi nzima, nikasugua kazi yote na kuanza upya. Siku hizi naanza saa nne asubuhi, chuma kikiwa kikavu na chenye joto, na kabla ya hapo nafungua koki ya chini ya kompresa, mashine ya hewa ya kupulizia rangi, kutoa maji. Tone moja la maji likipita kwenye bomba, linatosha kuzaa kutu chini ya rangi.

Ya pili: praima yenye zinki nyingi. Hufanya kazi kama mabati: zinki hukubali kuliwa ili chuma kipone. Ila ni lazima iguse chuma kitupu, kwa hiyo inafaa tu kama umeifungua chesisi yote na kuipeleka kupigwa mchanga. Juu ya rangi ya zamani ni kutupa pesa. Soma kopo: zinki iwe asilimia 80 au zaidi ya rangi iliyokauka. Zinki fosfeti ni kitu kingine, usiuziwe kwa jina hili.

Ya tatu: rangi ya yuretheni inayokaushwa na unyevu wa hewa, maarufu ikiwa ya chapa ya POR-15. Hii ni ya pembe ambazo brashi ya waya imeondoa kutu inayobanduka lakini imeshindwa kufika kwenye chuma cheupe. Kwenye chuma laini kinachong'aa haishiki vizuri mpaka kikwaruzwe au kipakwe dawa ya asidi. Nunua kopo dogo, kwani likishafunguliwa halidumu. Ipake kwa brashi, mahali pa wazi. Ina kemikali ya isosianati, inayoweza kukuachia pumu ya maisha, na ukiipuliza unahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Kwa epoksi, vaa barakoa yenye chujio za kaboni, glavu na miwani. Kitambaa puani si kinga, na inaniuma kuona vijana wa gereji wakifanya kazi hivyo kila siku.

Ya nne: redoksidi, ile praima nyekundu ya kawaida. Iko kila duka la vifaa vya ujenzi na bei yake ni rahisi. Kwa geti inatosha. Peke yake chini ya gari la pwani, unyevu huipenya na kutu hurudi. Itumie kulinda chuma kilichosafishwa wakati unatafuta pesa ya epoksi, gari likiwa ndani, kisha uiondoe.

Rangi ya lami sishauri kabisa juu ya kutu. Ikipasuka, maji huingia nyuma yake na kukaa humo, huku nje unaona weusi mzuri.

Paneli za aluminiamu zina praima yake ya asidi. Usipige epoksi juu ya praima hiyo mpaka mtengenezaji aseme inaruhusiwa. Paneli zinapokutana na chuma weka mpira au rangi katikati, la sivyo maji ya chumvi yataifanya aluminiamu iliwe.

Pesa itakayobaki nunulia nta ya matundu na mpira wake mrefu wa kupulizia, uingize ndani ya chesisi rangi ikishakauka. Chesisi hii ni boksi, na huanza kuoza ndani. Ukimaliza, pitisha waya kwenye vitundu vya chini uhakikishe nta haijaviziba, kwa sababu ndivyo vinavyotoa maji.