Kongamano la tabianchi Kisumu: wanafunzi ukumbini, wasimamizi nje

Kama unasoma uzamili au uzamifu wa mambo ya hali ya hewa, maji au kilimo, na unasitasita kuomba nafasi katika kongamano la tabianchi ambalo wanafunzi wenyewe huliandaa hapa Kisumu, omba tu. Nilitoka Nakuru kwa matatu kulihudhuria, na sikujutia nauli.

Wanafunzi ndio huchambua ikisiri, hupanga vikao na kuongoza maswali. Wasimamizi wa tafiti zetu hawaingii, ila wale wachache walioalikwa kutoa mada kuu. Mwanzoni niliona ni mbwembwe. Kumbe ndiyo siri yenyewe! Mtu anasimama na kukiri kwamba modeli yake, yaani programu ya kompyuta ya kuiga hali ya hewa, haipatani na vipimo vya vituo vya hali ya hewa, na hakuna wa kumkodolea macho. Tulibishana mpaka chai ikapoa kuhusu mvua za Machi hadi Mei: modeli nyingi zinatabiri zitaongezeka, ilhali kuanzia miaka ya 1980 zilipungua kwa miongo kadhaa. Kuna walioshikilia joto la Bahari ya Pasifiki upande wa magharibi kuwa ndilo chanzo, na kuna waliosema msimu wenyewe umefupika, mvua inachelewa kuanza na kukatika mapema. Hatukuafikiana, na sidhani tulipaswa.

Uhondo hasa ulikuwa kwenye mabango ambayo kila mwanafunzi hueleza utafiti wake. Waandaaji waliwaita wavuvi kutoka ufuo wa Dunga, kwenye Ziwa Victoria, waje kuyatazama. Bango moja lilihusu dhoruba za usiku. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, mvua ikanyesha Kericho na Nandi. Usiku upepo hugeuka, ukatoka nchi kavu pande zote na kukutana juu ya maji, na hapo ndipo radi huwakuta wavuvi. Mvuvi mmoja mzee akaweka kidole kwenye ramani ya bango, iliyogawanywa visanduku.

“Kisanduku hiki ni kikubwa kiasi gani?”

“Kama kilomita tano kila upande, mzee.”

“Na upepo uko wapi?”

Mwenye bango akaeleza kwamba data yake ni ya CHIRPS, inayochanganya setilaiti na vipimo vya vituo, nayo ni ya mvua pekee.

“Mvua hainizamishi mimi, mwanangu. Upepo ndio unaonipindulia mtumbwi.”

Dada wa watu akatoa kalamu na kuandika “upepo” pembeni mwa bango lake lililochapishwa kwa gharama. Swali la namna hiyo msimamizi wangu hajawahi kuniuliza.

Sasa lawama. Warsha ya data ilikuwa aibu. Ukumbi mzima uliambiwa upakue ERA5, hifadhi kubwa ya data ya hali ya hewa ya dunia nzima, kwa wakati mmoja, kwa Wi-Fi moja, ilhali seva yenyewe huweka maombi kwenye foleni. Tulikaa tukitazama kiduara kikizunguka. Mtu angenakili faili za Ziwa Victoria kwenye flashi kabla, kazi ingekwisha asubuhi. Nayo mabango, yaliyokuwa kiini cha kongamano, yalitengewa muda mfupi kuliko hotuba za ufunguzi.

Chakula sina neno: ngege mzima kwa ugali. Ada ililipwa kwa M-Pesa, na risiti ikaja papo hapo.

Ukienda, chapisha bango kwenye kitambaa ulikunje mkobani, maana la karatasi litakusumbua ndani ya matatu. Nyota nne kati ya tano. Ya tano wataipata wakileta flashi.