Kliniki ya meno Wandegeya iliyompima mama sukari kabla ya kumgusa mdomo

Nimempeleka mama mara tatu kwenye kliniki moja ya meno iko Wandegeya, hapa Kampala, ghorofa ya pili juu ya duka la dawa, na naandika hii hasa kwa wenye wazazi wagonjwa wa sukari. Mama anakaa Bombo, huu mwaka wa 9 ana kisukari, na ufizi wake ulikua unatoka damu kila akipiga mswaki, meno ya chini yanacheza, na sisi wote nyumbani tukasema ni uzee tu.

Mwaka jana tulimpeleka mahali pengine, sitapataja. Wakamkalisha, ganzi, jino likatoka, tukalipa. Hakuna mtu alimuuliza anaumwa nini kingine! Kile kidonda kilikaa karibu wiki 5 hakijafunga, na manake hawezi kutafuna akawa anaishi kwa uji na mkate wa kuchovya kwenye chai, sukari ikapanda hadi nikawa silali.

Hapa Wandegeya daktari ni dada kijana, kabla hata hajawasha taa ya kile kiti akaanza, Jjajja (yaani bibi) una presha, una sukari, asubuhi umekula, dawa umekunywa? Akamtoboa kidole hapo hapo, sukari ikasoma 15 na kitu, yaani iko juu sana. Akasema leo sing'oi wala siingii chini ya ufizi, nasafisha ya juu tu, mwende kwanza kwa daktari wa sukari alafu mrudi. Niliudhika, tumetoka Bombo na taksi na mama goti linamuuma, lakini akachukua karatasi akatuchorea jino. Ukoga ukikaa muda unakua mgumu kama jiwe, mswaki hauutoi tena, vijidudu vinajificha chini ya ufizi na mwili unapigana navyo usiku na mchana, na huo uvimbe usioisha ndo unafanya insulini, ile inayoshusha sukari mwilini, ishindwe kufanya kazi yake vizuri, alafu sukari ikiwa juu ufizi nao hauponi, yaani magonjwa mawili yanabebana. Miaka 9 ya kliniki za sukari na hakuna aliyewahi kumwambia mama afungue mdomo.

Mara ya pili na ya tatu wakamkwangua vizuri kwa ganzi, upande mmoja mmoja, shilingi 90,000 kila upande. Sio bei ndogo. Mswaki wake wa mti hawakumkataza, walimwongezea dawa ya meno yenye floraidi asubuhi na usiku, ateme tu asisukutue na maji mengi. Sa hizi damu imeisha na juzi nimemkuta anakula karanga, mwenyewe, bila kusagiwa. Sukari ya asubuhi inacheza kwenye 8, ila walimbadilishia na dawa kule kliniki kwa hiyo siwezi kusema ni meno peke yake, na daktari mwenyewe alituambia kusafisha kunasaidia kuishusha kidogo tu, dawa asiache hata siku moja.

Kitu kingine nilipenda, alikuepo mama kijana na mtoto wake anaharisha, bibi wa mtoto anataka achokolewe ufizi kutoa ebinyo, yale wanayoita meno ya uongo ya mtoto mchanga. Daktari aliacha kazi akakaa naye chini, akamweleza kwamba zile ni mbegu za meno ya kweli, ukichokoa mtoto anaweza kufa kwa damu au maambukizi, kuharisha kunataka maji ya chumvichumvi (ORS) na hospitali. Hakumlipisha chochote.

Ubaya upo. Lifti hakuna na ngazi ni nyembamba, mzee wa magoti atateseka. Miadi ya saa 4 tuliingia saa 6. Piksha ya meno (eksirei) wanakutuma nje, unalipa tena.

Ukienda fika mapema, mzee awe amekula na amekunywa dawa zake, na beba kile kitabu cha kliniki ya sukari manake wanakisoma kweli. Sisi tunarudi mwezi wa 5, na shangazi amesema anakuja na sisi.